Anzeni na maji, saa itafuata

Mheshimiwa Mwenyekiti, ndugu wanakamati, mafundi mliokuja moja kwa moja kutoka kazini, mabibi na mabwana: asanteni kwa kunikaribisha.

Nimeombwa nieleze jinsi mji mdogo unavyoweza kuukarabati mnara wake wa saa, ule uliojengwa kuwakumbuka waliokufa vitani. Nina neno moja tu, na muda uliobaki nitautumia kulitetea. Ukipanda kwenye minara hii ukaitazama kwa karibu, mara nyingi utakuta kilichoiumiza zaidi ni ukarabati uliopita. Mtu alikuja na nia njema, mifuko ya saruji na tarehe ya sherehe ambayo haikuweza kusogezwa. Alipomaliza, mnara ulipendeza na watu wakapiga makofi. Madhara yalianza kuonekana baada ya miaka, wakati yeye ameshasahauliwa.

Tujiulize kwanza kwa nini wajenzi walichagua saa. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha mwaka 1918, miji ya Uingereza, Australia na New Zealand iliingia kwenye ubishi mrefu. Wako waliotaka kumbukumbu yenye faida kwa walio hai: hospitali, ukumbi, maktaba. Wengine walisema hapana, chenye faida kitatumika hadi watu wasahau kilijengwa kwa ajili ya nani, afadhali jiwe lisilo na kazi nyingine yoyote. Mnara wa saa ulikaa katikati ya ubishi huo. Ni mnara wa heshima wenye majina, na wakati huohuo unamwambia mfanyakazi kwamba amechelewa. London ina wa Stockwell, wa mwaka 1922, na wa Golders Green, wa 1923. Mji wa Blenheim huko New Zealand ulipata wake mwaka 1928.

Kuna jambo jingine la kukumbuka kabla hamjagusa jiwe lolote. Serikali ya Uingereza iliamua wakati wa vita kwamba maiti za wanajeshi hazitarudishwa nyumbani. Waliokufa walizikwa kulekule, na wengi hawakuonekana kabisa. Mama aliyebaki hakuwa na kaburi la kwenda kufyeka majani. Alichokuwa nacho ni mstari mmoja wa herufi kwenye mnara wa mji wake. Kwa hiyo ninaposema baadaye kwamba msikwangue herufi, msidhani nazungumzia mapambo.

Mnara huu basi una tabia mbili zisizopatana vizuri. Kumbukumbu inataka iachwe ilivyo. Saa inataka ihudumiwe kila wakati, ipakwe mafuta, irekebishwe, ibadilishiwe vipuri. Kwenye kamati nyingi ugomvi huzaliwa hapo: kuna kundi linalotaka saa itembee hata kesho, na kundi linalotaka mawe yaangaliwe kwanza. Mimi niko upande wa mawe, na nitawaambia sababu.

Sababu ni maji. Fedha ya kwanza mtakayopata ipelekeni juu kabisa: paa, mifereji ya mvua, mabamba ya madini ya risasi yaliyofunika maungio, vipenyo (matundu ya hewa) vya chumba cha kengele. Kisha teremkeni hadi kwenye nyuso za saa zenyewe. Uso wa saa ni tundu kubwa ukutani lililozibwa kwa kioo na fremu ya chuma. Ukingo wake ukilegea, mvua inaingia nyuma yake, inashuka kwenye boriti za sakafu, inaozesha pale panapobeba mtambo. Ukifunga mtambo mpya chini ya paa linalovuja, umenunua kutu kwa bei ya mtambo.

Sasa nifike kwa saruji, na hapa naomba mafundi mnivumilie. Saruji ya kisasa, ile inayoitwa Portland, ilipewa hataza huko Uingereza mwaka 1824, lakini kwa muda mrefu baada ya hapo waashi wengi wa mawe waliendelea kutumia chokaa. Hawakuwa washamba. Chokaa ni laini kuliko jiwe, na hupitisha unyevu. Mvua ikiingia ukutani, inatokea kwenye kiungio cha chokaa kati ya jiwe na jiwe, na pamoja nayo chumvi. Miaka inapita, kiungio kinamomonyoka, unakikwangua na kuweka kingine. Kiungio ndicho kinachopaswa kufa ili jiwe lipone. Anapokuja fundi mwenye haraka na kuziba viungio vyote kwa saruji ngumu, maji yaliyomo hayapati njia. Yanatokea kwenye jiwe lenyewe, chumvi inaganda ndani ya vitundu vyake, na uso wa jiwe unaanza kubanduka kama magamba. Saruji inabaki pale, imara, ikijivunia, na jiwe limerudi nyuma. Nendeni mkatazame ukuta wowote wa mawe uliozibwa hivyo na mtaona mistari ya saruji imejitokeza mbele na mawe yamezama. Hapo mnasoma historia ya ukarabati bila kuhitaji nyaraka.

Chokaa ina masharti yake. Hukomaa polepole kwa kunyonya hewa ukaa, na ikikaushwa na jua kabla ya wakati inageuka unga. Ukuta unatakiwa ufunikwe magunia yaliyoloweshwa na uangaliwe kwa siku kadhaa. Mkandarasi atawaambia inachelewesha kazi. Ni kweli inachelewesha. Iandikeni kwenye zabuni tangu mwanzo ili asije akaitumia kama hoja baadaye.

Lakini msikimbilie chokaa kila mahali. Sehemu ya minara ya miaka ya 1920 ilijengwa kwa zege lenye nondo, na mingine ni zege lililovalishwa mawe membamba kwa nje. Kwenye zege hadithi inageuka: hewa ukaa ileile inayokomaza chokaa ndiyo inayoingia ndani ya zege taratibu na kuiondolea ile hali inayozuia nondo isipate kutu. Nondo ikishika kutu inavimba, na zege linapasuka kutoka ndani. Ndivyo ilivyo pia kwa vishikizo vya chuma ambavyo waashi wa zamani walivificha kati ya jiwe na jiwe. Ukiona ufa unaofuata mstari ulionyooka karibu na ukingo wa jiwe, shuku chuma. Kuuziba ufa huo kwa nje ni kufunika sufuria inayochemka. Chuma kinatakiwa kitolewe, na kiwekwe kisichoshika kutu.

Kwa hiyo kabla ya kuandika bajeti, lipeni mtu achunguze. Apime, atoboe vipande vidogo vya viungio na kuvipeleka maabara, aseme mnara umejengwa kwa nini na umekaa juu ya nini. Gharama hii huonekana kama hasara, maana mwisho wake mnabaki na karatasi tu mkononi. Ila kazi hii si ya mzaha. Wengi wenu mnalijua jumba la Beit al-Ajaib la Zanzibar, lililojengwa mwaka 1883. Tarehe 25 Desemba 2020, kazi ya ukarabati ikiwa inaendelea, sehemu yake ya mbele ilianguka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili wakapoteza maisha. Jengo refu la zamani huweza kuonekana limesimama kwa nguvu zake kumbe limesimama kwa mazoea. Mhandisi wa majengo awe wa kwanza kuajiriwa, kabla hata ya jukwaa la kwanza kufungwa.

Suala la kusafisha nitalipitia haraka, kwa sababu ushauri wangu ni mfupi: kidogo kuliko mnavyotamani. Mashine ya kupuliza mchanga inatoa weusi wa miaka mia kwa siku moja, na inatoa pia ngozi ya jiwe na ncha za herufi ambazo hazina kina cha kuchezea. Maji kidogo, brashi laini, subira. Kama herufi ni za madini ya risasi yaliyogongwa ndani ya marumaru, msipitishe mashine ya maji ya nguvu, mtaziokota chini. Mabamba ya shaba yasisuguliwe hadi yang'ae. Ile rangi nzito ni koti lake, lipakwe nta na kuachwa. Mwaka 1877 huko Uingereza msanii na mwandishi William Morris na wenzake walianzisha chama cha kulinda majengo ya kale kwa sababu ya hasira hii hasa, ya kuona makanisa yakikwanguliwa ili yaonekane mapya. Walichodai ni matunzo ya kila siku badala ya ukarabati mkubwa. Karibu miaka mia moja na hamsini imepita na bado tunabishana na mashine ya mchanga.

Haya, tupande kwenye saa sasa, maana naona kundi la saa limeshaanza kuchoka na mawe.

Mtambo wa saa ya mnara ni kitu rahisi kuelewa na kigumu kuharibu, isipokuwa kwa kuunyima mafuta au kuupaka mengi kupita kiasi. Vizito vinavyoning'inia kwa kamba za waya vinavuta magurudumu ya meno. Pendulo, yaani ufito wenye uzito unaobembea, inayaachia jino moja moja. Fito zinapeleka mzunguko kwenye nyuso zote nne. Pendulo ya takribani mita 1 inabembea upande mmoja kwa sekunde 1. Ukitaka ibembee kwa sekunde 2 unahitaji karibu mita 4, ndiyo maana saa kubwa zina pendulo inayopenya sakafu. Fito ya pendulo ikiwa ya chuma, joto likipanda kwa nyuzi 10 inarefuka kiasi cha kuichelewesha saa kama sekunde 5 kwa siku. Kwa hiyo mkiambiwa saa yenu ya zamani "haina usahihi," ulizeni kwanza kama kuna dirisha lililovunjika linaloingiza jua na upepo kwenye chumba chake. Big Ben, saa ya mnara wa bunge la Uingereza huko London, husahihishwa kwa sarafu za zamani za peni zinazowekwa juu ya pendulo: kuongeza moja kunaiharakisha kwa sehemu nne za kumi za sekunde kwa siku. Na saa hiyohiyo, pamoja na ukuu wake, mwaka 1949 ilicheleweshwa dakika kadhaa na kundi la kwezi waliotua kwenye akrabu (mshale) ya dakika. Msidharau ndege. Wavu kwenye vipenyo ni kazi ya siku chache inayookoa mtambo, na vinyesi vya njiwa vilivyorundikana miaka mingi ni hatari kwa mapafu ya anayevizoa, hivyo avae kinga.

Jambo la kulipigania hapa ni mtambo wenyewe. Kosa lililorudiwa sana katika karne iliyopita ni kung'oa mtambo wa awali na kufunga mota ndogo ya umeme nyuma ya kila uso. Kwa mtu aliye chini hakuna tofauti, akrabu zinazunguka. Lakini mtambo wa zamani ulibaki pembeni ukiota kutu, au ulipelekwa kwa wauza vyuma chakavu. Na mota hizo, umeme ukikatika, kila uso unaweza kuamka na saa yake, hadi mji ukawa na saa nne zisizokubaliana. Kama mtambo wenu bado upo, hata ukiwa vipande ndani ya sanduku, fundi wa saa za minara ataufufua. Akitaka kuweka mota ya kuvuta vizito badala ya mkono, mkubalieni kwa sharti moja: ifungwe bila kutoboa wala kukata chochote cha awali, ili anayekuja baadaye aweze kuiondoa.

Angalieni pia akrabu. Mara nyingi za awali ni za shaba nyembamba, zimewekewa uzani wa nyuma ili zisielemee mtambo. Fundi wa kawaida akitengeneza mpya za chuma kizito, mtambo unabeba mzigo ambao haukuumbiwa, na upepo unamalizia. Na kama nne ya Kirumi kwenye uso wenu imeandikwa kwa vijiti vinne, IIII, jamani msiisahihishe. Si kosa. Saa nyingi za zamani zimeandikwa hivyo, na kila mji una mtu mmoja msomi anayetaka kuifuta.

Kuhusu rangi, Big Ben tena inatufundisha. Ukarabati wa mnara ule ulianza mwaka 2017 ukakamilika 2022. Watu walikuwa wamezoea maandishi na akrabu nyeusi. Wachunguzi walipochambua tabaka za rangi, chini ya weusi walikuta buluu, wakairudisha. Hawakukisia. Mkataba wa Venisi wa mwaka 1964, ambao wahifadhi wa majengo duniani wanaufuata, unasema ukarabati usimame pale kukisia kunapoanza. Na kipande kipya kipatane na cha zamani lakini kiweze kutambulika kuwa ni kipya. Mradi huohuo una somo la fedha: makadirio ya kwanza yalikuwa pauni milioni 29, ukaishia karibu milioni 80, kwa sababu uharibifu mwingi ulionekana pale tu jukwaa liliposimama. Kama bunge la Uingereza lilishtukizwa, kamati yenu itashtukizwa. Wekeni akiba.

Nimebakiza majina, na hapa sitakwenda haraka.

Orodha nyingi za miaka ile zilikusanywa kwa kupita nyumba kwa nyumba na kwa matangazo. Familia iliyokuwa imehama haikusikia. Mama aliyekataa kuamini kwamba mwanawe amekufa hakutoa jina. Wengine waliandikwa vibaya, wengine mara mbili. Mkianza ukarabati watajitokeza wajukuu wenye karatasi, nao wana haki ya kusikilizwa. Ushauri wangu: chunguzeni kumbukumbu za jeshi na za makaburi, na jina likithibitika lisibanwe kwenye bamba la zamani kwa herufi za kuiga. Liwekwe kwenye bamba jipya karibu yake, lenye mwaka wa kuwekwa, ili anayesoma aone kwamba lilisahauliwa na lini lilikumbukwa. Kuficha usahaulifu ni kurudia usahaulifu.

Sisi tunaozungumza Kiswahili tuna sababu zaidi ya kulisimamia hili. Sanamu ya Askari iliyoko Dar es Salaam, ya mwaka 1927, ina maandishi ya Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza. Inawataja askari wa Kiafrika na wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na inawaahidi waliokufa kwamba watoto wao watalikumbuka jina lao. Tafuteni jina hata moja pale. Halipo. Haikuwa bahati mbaya ya nafasi ndogo kwenye bamba. Tume ya makaburi ya vita ya himaya ya Uingereza iliundwa mwaka 1917 kwa msingi kwamba wafu wote ni sawa. Mwaka 2021 tume hiyohiyo, ambayo sasa ni ya Jumuiya ya Madola, ilichapisha ripoti ikikiri kwamba walau watu 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Kwa hiyo mnapoosha bamba lenu mjue kwamba nafasi tupu nayo ni sehemu ya kumbukumbu. Kama mji ulitoa watu ambao hawakuandikwa, ukarabati ndio wakati wa kulisema hilo wazi. Atakayesema tunaingiza siasa kwenye jiwe, mwambieni kwamba kuamua nani aandikwe ilikuwa siasa tangu siku ya kwanza.

Fedha na sheria nitazigusa tu. Fahamuni mapema mmiliki ni nani. Minara mingi ilijengwa kwa michango, kamati ikavunjika, na hakuna aliyeirithi. Huko Uingereza, ambako kumbukumbu za vita zilizoorodheshwa zinazidi 100,000, sheria ya mwaka 1923 inaziruhusu halmashauri kutumia fedha kuzitunza, lakini haizilazimishi. Ruhusa bila wajibu mnajua inavyofanya kazi: kila mwaka kuna barabara yenye mashimo inayotangulia. Pateni umiliki kwa maandishi kabla ya kuchangisha hata senti moja.

Na katika kuchangisha, tengeni fungu la matunzo ya miaka ijayo kabla ya fungu la uzinduzi. Saa nyingi za minara zilitengenezwa zitiwe ufunguo mara moja kwa wiki. Mota ya kuvuta vizito inamwondolea mtu kazi hiyo, nami nimesema mkubali. Ila yule aliyekuwa akipanda kila wiki na mpini mkononi alikuwa akifanya zaidi ya kutia ufunguo. Aliona tone la maji sakafuni lilipokuwa bado tone. Aliona njiwa aliyepata tundu, kamba ya waya iliyoanza kuchakaa, kioo kilichopata ufa. Mota haioni. Mkimwondoa mtu huyo bila kuweka mwingine, mmeshaanza kuandaa ukarabati mwingine mkubwa, wenye saruji yake na sherehe yake. Basi muwe na mota au msiwe nayo, mkataba useme nani anapanda, lini, na anaandika nini kwenye daftari linalokaa humohumo mnarani. Alipwe. Wa kujitolea huchoka, na hatuna haki ya kumlaumu.

Nimemaliza, Mwenyekiti. Naona mikono imeshanyooshwa, na nadhani swali la kwanza ni la majirani wanaolalamikia kengele usiku. Nyundo zinaweza kuzuiwa zisigonge kati ya usiku na alfajiri, kwa kifaa kidogo kinachoondoleka, bila kugusa kengele wala kusimamisha saa. La pili?